Gramu Kumi na Mbili

Kutoka Dunda mpaka Mapinga hapakuwa na mtu aliyeijua chumvi kumshinda Bi Zuwena binti Mwinyimvua. Aliijua kwa kuitazama, aliijua kwa kuisikia ikimiminwa, na siku akitaka kujionyesha aliijua kwa kuinusa. Hayo aliyasema mwenyewe, na ukimtaka shahidi alikutajia watu watatu, wote marehemu. Kisha alicheka kwa pengo lake, akakiri kwamba wiki iliyopita tu amewapikia wageni mchuzi wa papa, nao wakaomba maji kabla hawajaomba wali.

Lakini kuuza, aliiuza kweli. Miaka thelathini na ushei alikaa sokoni na gunia lililotoka kwenye majaruba ya chumvi, na kopo la maziwa ya unga la kupimia. Alijaza kopo, akalikata juu kwa kidole likawa sawasawa, akalimimina kwenye mfuko wa mteja, halafu mkono ulirudi guniani wenyewe na kutia nyongeza. Nusu konzi hivi, kwa vidole vitatu. Hiyo haikuwa hisani. Muuzaji asiyetia nyongeza alisemwa mpaka na wanawe. Bi Zuwena alimkumbuka mmoja aliyehamia Mkange kwa aibu hiyo, ingawa wengine walisema alimfuata mume.

Sasa biashara ameiacha, magoti yamegoma, na kazi yake kubwa ilikuwa kumngoja mjukuu wake Wahida arudi mwisho wa juma kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Wahida alikuwa mwaka wa kwanza, anasoma kemia. Bi Zuwena alimwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote wa pwani, na alimtania kwamba marehemu babu yake angefurahi kupata mke msomi, maana yule wa kwanza alimaliza darasa la saba kwa kusukumwa.

Somo lililomtoa Wahida jasho lilikuwa la maabara. Masomo mengine ukianguka unapewa mtihani wa marudio. Maabara haina marudio. Mwisho wa mwaka alama zinajumlishwa, na aliye chini ya hamsini katika mia anarudia mwaka mzima, akae na wadogo zake waliokuja nyuma. Kulikuwa na majaribio mengi, na mhadhiri, Daktari Shamsudin, alisahihisha kama mtu anayechambua mchele wa mchumba wa mwanawe. Ukisahau miwani ya kukinga macho, alama imekwenda. Ukiandika kwa penseli, imekwenda. Ukifuta namba ukaandika nyingine juu yake, zimekwenda mbili, kwa sababu namba ya maabara haifutwi, inakatwa kwa mstari mmoja ili aliyekosea aonekane alivyokosea. Ukichelewa dakika kumi unakuta mlango umefungwa.

Bi Zuwena alisikiliza yote hayo kila Ijumaa, akichambua mchicha, na kila Ijumaa yalimchosha upya. Alikuwa anaona wazi kwamba mwalimu huyo hakulelewa na bibi. Mtu unamfundisha mtoto kwa kumpa moyo, siyo kwa kumnyang'anya kile alichokwisha kupata. Alimshauri Wahida ampelekee kifurushi cha kashata. Wahida akasema kwamba kashata ndiyo ingemfukuzisha kabisa.

Jaribio la mwisho ndilo lililoleta mambo yote haya. Lilikuwa la chumvi. Kila mwanafunzi alete chumvi ghafi ya kwao, apime gramu hamsini, aiyeyushe kwenye maji, aichuje, aichemshe mpaka igande tena ikiwa safi, kisha apime amepata ngapi. Wahida alikuwa na alama arobaini na nne kwa majaribio yote yaliyotangulia. Hilo lilikuwa na alama kumi: tatu za daftari, tatu za matokeo, nne za kueleza matokeo. Alihitaji sita avuke.

Aliposikia inatakiwa chumvi, Bi Zuwena alilala na furaha. Alimtolea mjukuu wake ile aliyoiweka kwenye mtungi tangu gunia lake la mwisho, akamwambia wenzake wataona wivu.

Ijumaa Wahida akarudi na chumvi hiyo kwenye bakuli dogo la kioo, imefunikwa karatasi. Oveni ya maabara ilikuwa imekufa, kwa hiyo Daktari Shamsudin aliwaruhusu waende kukausha makwao, juani, na Jumatatu wakapime mbele ya fundi wa maabara. Kila mmoja alitia saini kwenye daftari lake kwamba sampuli haitaguswa na mtu mwingine. Wahida aliweka bakuli juu ya ukuta wa uani, jua linapopiga, na akamwambia bibi yake mara tatu kwamba hiyo haiguswi.

Bi Zuwena akaitazama. Akaona imepungua.

Aliuliza iliingia ngapi, akaambiwa hamsini. Akauliza hii ni ngapi, akaambiwa imepimwa mchana ule, ni arobaini na moja nukta sita, na bado ina maji, ikikauka itashuka zaidi.

"Na hizo nyingine amekula nani?"

"Hakuna aliyekula, bibi. Nyingine imebaki kwenye maji. Nyingine ilikuwa uchafu."

"Uchafu wa wapi?"

"Mchanga. Na kuna zile chumvi chungu, siyo za kula."

Bi Zuwena aliinuka. Aliokota mchicha wake, akaenda kukaa upande wa pili wa ua. Miaka thelathini na ushei amelisha mji mzima chumvi ile, na sasa mjukuu wake wa damu, kwa kifaa cha chuo kikuu, ameikuta na mchanga. Na kwamba chuo kiliwafundisha watoto kuingiza hamsini na kutoa arobaini, kisha kikawapa alama kwa kupunguza, hilo lilimpita kimo. Sokoni mtu wa namna hiyo alipewa jina lake.

Jumamosi Wahida alikwenda Mapinga, kwenye singo ya rafiki yake, kumsugua liwa kabla ya harusi. Bi Zuwena alibaki na bakuli. Adhuhuri alikwenda kuhakikisha kuku hawajaparamia ukuta. Aliinua karatasi, si kwa ubaya, ili aone kama inakauka. Ilikuwa inakauka vizuri, nyeupe, lakini kidogo. Ilikaa chini ya bakuli kama sadaka ya mtu bahili. Akawaza Jumatatu, watoto wa watu wamejipanga na mabakuli yao yaliyojaa, na mjukuu wa Zuwena ana hii. Alikwenda kwenye mtungi, akachagua iliyo nyeupe, akatia nusu konzi kwa vidole vitatu. Alirudisha karatasi kama ilivyokuwa, hata ile kona iliyokunjwa. Jioni hiyo alikuwa mchangamfu mpaka jirani yake Esha akamwuliza kama amepata posa.

Jumanne simu ikalia. Esha alikuwepo, amekuja kuomba kiberiti na amekaa saa nzima, na Bi Zuwena, kwa kutaka jirani asikie mjukuu wake anavyoongea kisomi, aliweka simu kwenye spika.

Wahida alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa amebakiwa na hasira tu. Jumatatu alipima mbele ya fundi, Najim. Mizani ikasema hamsini na tatu nukta nane. Akaitoa, akairudisha, ikasema vilevile. Ijumaa, ikiwa na maji, ilikuwa arobaini na moja. Imekauka siku tatu juani, ikaongezeka gramu kumi na mbili, na imepita hata ile aliyoanza nayo. Aliandika alichokiona, akatia saini. Daktari Shamsudin alimpa tatu za daftari, kwa sababu daftari lilikuwa safi. Matokeo, sufuri. Maelezo ameyaacha wazi mpaka Alhamisi saa nne. Akileta sababu ya kweli, aliyoithibitisha, atazipata zile nne. Asipoleta, arobaini na saba, na mwaka anarudia.

"Nimeandika labda imenyonya unyevu," Wahida alisema. "Akaifikicha mbele yangu ikawa vumbi, akaniuliza unyevu uko wapi. Bibi, niambie. Kuna mtu ameigusa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Bi Zuwena aliiona nafasi hiyo waziwazi, ilikuwa pana kama mlango wa msikiti. Lakini Esha alikuwa ameinua uso, na kiberiti mkononi.

"Nani aiguse? Wallahi sijaigusa hata kwa ncha ya kidole."

Wahida akauliza kuhusu kuku. Akauliza kuhusu upepo, kuhusu watoto wa jirani, kuhusu mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Bi Zuwena alimjibu kila moja kwa hapana. Mwisho alimshauri aandike kwamba ni baraka.

"Bibi, baraka haina fomula."

"Basi ndiyo kasoro ya hicho chuo chenu."

Simu ilikatwa, na hakuwa Bi Zuwena aliyeikata. Esha alisema kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Bi Zuwena akamwambia aende na kiberiti chake, na asikirudishe.

Jumatano yote ilimpitia vibaya. Alijaribu kukasirika na Daktari Shamsudin, akaweza kidogo. Alijaribu kukasirika na Wahida aliyeiita chafu chumvi yake, akaweza zaidi. Lakini kila alipofika kwenye neno kurudia mwaka, hasira ilimwishia. Kusema kweli sasa kulikuwa kugumu kuliko jana. Alikwisha apa. Tena Wahida ametia saini kwamba sampuli haikuguswa, na Bi Zuwena aliona kwamba bibi akisema niliigusa, mjukuu atakuwa ameandika uongo kwa kalamu ya wino, na wino, kwa mwalimu yule, haufutwi. Alizunguka jambo hilo kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye tope. Kufika magharibi alikuwa amepata pa kukanyaga. Mkosaji ni mizani.

Alfajiri ya Alhamisi akapanda gari la kwenda Dar bila kumwambia mtu. Saa tatu na nusu alikuwa mlangoni pa maabara, amejitanda buibui lake la sikukuu. Wahida, aliyekuwa amekaa nje na karatasi tupu magotini, alimtazama kama aliyeona jirani yao ametokea kwenye runinga.

Fundi Najim hakuwaruhusu kuingia hivihivi. Alimvika Bi Zuwena koti jeupe lililomfika vifundoni, na miwani ya plastiki iliyomkaa juu ya ushungi kama ya mwendesha pikipiki. Bi Zuwena akauliza kama naye akiivua atakatwa alama. Najim akasema ndiyo, na hakucheka. Bi Zuwena akaona hapa ndipo mtoto wake anapoteswa.

Daktari Shamsudin alikuwa mezani nyuma ya rundo la madaftari, mtu wa makamo, macho mekundu kwa kusahihisha. Aliinuka, akatoa shikamoo yake vizuri. Bi Zuwena aliitikia marahaba, akasikitika kidogo, maana alikuja tayari kumkuta hana adabu.

Alimweleza kwamba yeye ni bibi wa Wahida, kwamba chumvi ile ni yake, kwamba ilikaa nyumbani kwake siku tatu na yeye ndiye aliyeilinda. Alisema amepima vitu tangu daktari hajazaliwa. Na kwa ujuzi huo amekuja kumwambia, kwa heshima zote, kwamba mizani yao ni mbovu.

Daktari alifumba macho muda mrefu kidogo kuliko mtu anayepepesa. Mizani hiyo, alisema, ilikaguliwa mwezi uliopita.

"Na mimi nilikaguliwa mwezi uliopita, hospitali, wakasema mzima. Nitazame. Naonekana mzima?"

Najim aligeuka dirishani. Wahida alimvuta bibi yake koti, taratibu, akiomba kwa macho yaishe. Daktari Shamsudin hakukasirika, ila alichoka zaidi. Alichukua madaftari matano ya juu, akayafungua moja baada ya jingine mbele ya Bi Zuwena, kila moja akiweka kidole chini ya namba iliyoandikwa kwa wino. Arobaini na mbili. Arobaini na mbili nukta moja. Arobaini na mbili. Wanafunzi sitini, alisema, wametoka Mtwara mpaka Bukoba, wameleta chumvi za kila namna, na wote wamepata arobaini na mbili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti za mwaka jana. Mmoja alivunja bakuli lake Jumamosi. Naye amepata arobaini na mbili.

"Bibi, mimi sitafuti jibu sahihi. Jibu sahihi ninalo. Natafuta kilichotokea. Katika madaftari yote haya, aliyeandika kitu kilichotokea kweli ni huyu mmoja, na ndiye ambaye hawezi kuniambia kimetokeaje. Nikimpa alama hivihivi, hawa sitini watakuja na hadithi zao kesho. Unanielewa?"

Bi Zuwena alimwelewa. Ilimuudhi, jinsi alivyomwelewa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba huyu mtu hakuwa anapunguza kwa ubahili. Alifungua kinywa aseme kweli. Lakini Wahida alikuwa amesimama pale pembeni yake, na wallahi ya Jumanne ilikuwa imesimama pembeni ya Wahida.

"Mtu yeyote aliigusa?" Daktari aliuliza. "Sitamfukuza mtu. Mtoto hakuwepo, saini yake ni ya yale aliyoyajua. Nataka kujua tu."

"Hakuna."

"Wewe mwenyewe, bibi? Hata kuongeza kidogo, kwa wema tu?"

"Niongeze ya nini? Mimi mtu akisema hamsini, ni hamsini. Waulize Bagamoyo yote. Mizani ndiyo mbovu."

Daktari Shamsudin akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki dakika kumi na mbili kufika saa nne. Alisema vizuri, basi wataipima mizani. Yeye asiipime, wala Najim, wala Wahida, maana wote wana upande. Mtu mwenye ujuzi wa miaka thelathini na ushei yuko hapa. Bi Zuwena ampimie gramu hamsini za chumvi kwa mkono wake, halafu Najim ataweka jiwe la hamsini la kiwandani, na kama namba zitatofautiana atamwomba radhi mbele ya darasa zima.

Hakukuwa na mtego ndani ya sauti yake. Alikuwa mtu anayetaka jambo liishe akanywe chai.

Bi Zuwena alisogea mezani. Ilikuwa mizani ndogo, haina hata mkono, kisahani tu ndani ya kisanduku cha kioo, na chini yake namba za kijani. Najim aliweka kikombe cha karatasi juu ya kisahani, akabonyeza, namba zikawa sufuri. Akamsogezea mtungi wa chumvi ya maabara, nyeupe, nyembamba, isiyo na hata chembe ya mchanga. Bi Zuwena aliisugua kati ya vidole, akaona ni nzuri, akasahau kidogo alichojia.

Maana kazi ilimkuta. Alikunja mkono wa koti. Aliimimina kwa ukingo wa kiganja, kidogokidogo, bila kutetemeka, na namba zikapanda kama anavyozitaka yeye: ishirini, thelathini na tano, arobaini na nne. Alipunguza. Arobaini na nane. Akaanza kutumia kidole kimoja, chembe kwa chembe, hata Najim akasogea kuangalia, kwa sababu wanafunzi wake walizidisha na kupunguza nusu saa kabla ya kufika. Arobaini na tisa nukta saba. Nukta tisa. Hamsini kamili, na namba zikatulia.

"Hamsini," alisema Daktari Shamsudin, na katika sauti yake mlikuwa na heshima ya kweli. Aligeuka kumwambia Najim alete jiwe.

Bi Zuwena alikuwa ameona hamsini. Alifurahi kuiona. Imepimwa, mteja amesimama, na mkono wake wa kulia, bila kumwuliza mtu, uliondoka mezani, ukaingia mtungini, ukatoka na nusu konzi kwa vidole vitatu, ukaiangusha kikombeni.

Namba za kijani ziliruka, zikayumba, zikasoma sitini na moja nukta tisa.

Daktari Shamsudin alizitazama. Alivuta daftari la Wahida, akatazama arobaini na moja ya Ijumaa na hamsini na tatu ya Jumatatu, akazitazama tena zile za kijani, halafu akauinua uso wake polepole.

"Bibi," Wahida alisema.

"Mizani hii, mwalimu," alianza Bi Zuwena, "nilikwambia," lakini vidole vyake vitatu vilikuwa bado juu ya kikombe, chembe zilikuwa bado zinadondoka, na namba ilikuwa bado inapanda.